Programu ya Mzee Opoku

Watu wakisimulia mambo kama haya husema yalimpata binamu yao au jirani. Mimi sina wa kumsingizia. Yalinipata mimi, Baffour Asamoah, katika hospitali moja ya wilaya nje kidogo ya Kumasi, na ni mimi niliyeyaanza.

Ilikuwa Ijumaa ya kawaida, jua kali, dawati langu likinuka kenkey ya mahindi na samaki wa kukaanga. Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta za hospitali, na wiki ile zilikuwa zinajikokota kupita kiasi. Nikaandika skripti fupi, mistari ishirini na kitu, ya kupita kwenye kila kompyuta na kuniorodheshea programu zinazofanya kazi wakati huo: jina la programu, aliyeiwasha, na saa iliyowashwa. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kwenye kompyuta ya maabara ikatokea programu iitwayo op7. Aliyeiwasha: Opoku.

Mzee Opoku ndiye aliyekuwa na kazi hii kabla yangu. Alikuwa na miezi mitano tangu afariki, na alikuwa hajazikwa. Ukoo wake ulikuwa unaikarabati nyumba ya familia ili ipokee waombolezaji, kwa hiyo mwili ulikuwa kwenye jokofu la mochwari, hatua mia moja kutoka nilipokaa. Hakuna aliyeshangaa, maana kwetu wapo wanaongoja hata mwaka. Mazishi yalikuwa yamepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Anti, kumbe mzee wenu bado yuko kazini?" nilimtania Anti Serwaa, mkuu wa maabara.

Hakucheka. "Cha marehemu hakiguswi mpaka azikwe, Baffour. Kiache kilivyo."

"Hata programu?"

"Hata kijiko chake. Kwenu hawakukufundisha?"

"Anti, kompyuta haijui matanga."

"Wewe je, unayajua?" akaniuliza, akatoka kwenda kula.

Mlango ulipofungwa nikaongeza mstari mmoja kwenye skripti: kila kilichowashwa na Opoku kizimwe, na kikijiwasha kizimwe tena. Sikuifungua op7 nione inafanya nini. Dakika mbili zingetosha. Nilishindwa kuipa dakika mbili, nikashindwa kusubiri siku nane, nikaenda zangu nyumbani kupumzika.

Jumamosi umeme ukakatika. Jenereta liliwaka, lakini swichi ya friji ya damu iliruka na hakuna aliyejua. King'ora cha kuonya joto la friji likipanda hakikulia. Jumapili mchana muuza nyanya mmoja, Akosua Fremah, alijifungua mtoto wa kiume, kisha damu ikaanza kumtoka bila kukoma. Anti Serwaa alikimbilia friji akakuta mifuko yote ina joto la chumba. Damu ya namna hiyo haifai kuongezewa mtu. Wakaagiza nyingine mjini. Fremah alikata roho saa nane na dakika ishirini, damu ikiwa bado njiani. Kwa kuwa alifia uzazini, ndugu zake walimchukua wakamzika upesi kijijini, bila matanga.

Jumatatu nikaifungua op7. Ndiyo iliyokuwa inasoma kipimajoto cha friji na kupiga king'ora. Mzee Opoku aliitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyejua. Wote tulidhani king'ora ni cha friji.

Nililia chooni. Kisha nikanawa uso, nikaifuta op7, nikaufuta na ule mstari wangu, na nikaandika ripoti kwamba kompyuta hazikuwa na kasoro yoyote. Anti Serwaa alisema king'ora hakikulia. Ripoti yangu ikamfanya aonekane mwongo. Wakamsimamisha kazi kwa uzembe uliosababisha kifo. Kamati ingemsikiliza Alhamisi, saa tatu asubuhi. Alikuwa ameitumikia maabara ile miaka ishirini na sita, na mimi nilikaa kimya nikala mshahara wangu.

Jumatano mchana, jua la saa nane likiwa kali, niliendesha skripti kama kawaida. Orodha ikashuka. Kompyuta ya maabara: op7. Aliyeiwasha: Opoku.

Nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu. Nikatazama saa iliyowashwa. Jumapili, saa nane na dakika ishirini.

Nikaizima. Nikaendesha skripti tena. Mistari ilikuwa miwili sasa. Opoku. Fremah.

Hospitali haikuwa na mtumiaji aitwaye Fremah. Marehemu hakuwahi kugusa kompyuta yetu. Nilikwenda maabara mbio, nikachomoa waya wa mtandao, nikachomoa na wa umeme. Kioo kikawa cheusi. Nikarudi mezani kwangu na waya wa umeme mkononi. Nikaendesha skripti.

Kompyuta ya maabara ikajibu.

Opoku. Fremah. Na chini yao, jina la tatu. Serwaa. Saa iliyowashwa: Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Alhamisi ilikuwa kesho.

Nikauweka mshale juu ya jina lake, nikataka kulizima. Kidole kilikuwa tayari. Nikakumbuka nilichokifanya Ijumaa kwa kuzima nisichokijua. Nikakitoa kidole. 

Mlango ukagongwa taratibu. Alikuwa Wofa Adjei, mlinzi wa mochwari tuliyemwita mjomba kwa heshima, mtu mzima asiyeogopa kitu. Alikuwa amevua kofia.

"Baffour," akanong'ona. "Njoo usikie."

"Nisikie nini, Wofa?"

"Kwenye droo. Tangu asubuhi. Kama mtu anachapa."

"Droo ya nani?"

Akanyoosha kofia kuelekea mochwari.  Ukutani mwangu, upande wa mochwari, nami nikasikia. Tap. Tap-tap. Tap. Vidole juu ya bati. Vilikuwa na haraka ya mtu aliyebakiwa na kazi.

Sikwenda kusikiliza kwa karibu. Wala sikwenda kwa Anti Serwaa jioni ile, ingawa nilipita mbele ya lango lake mara mbili. Nikajiambia nitasema kesho. Ndivyo nilivyokuwa, mtu wa kesho.

Asubuhi nilikuta kamati imeshaketi. Anti Serwaa alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa nguo nyeusi kwa ajili ya Fremah, ambaye wala hakuwa ndugu yake. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mkono wa kulia ameukandamiza kifuani. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu kasoro dakika mbili.

"Bwana Asamoah," mwenyekiti akasema, "unathibitisha ripoti yako?"

 Anti Serwaa alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Mkono ukaanza kuteleza kutoka kifuani.

Kasoro dakika moja.

"Ni mimi," nikasema. "Nilizima king'ora mimi. Ripoti ni ya uongo. Yeye hana kosa."

Anti Serwaa akavuta pumzi kubwa, kama mtu aliyetolewa majini. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama. Niliwaeleza yote, hata lile la chooni, na sikujitetea kwa lolote.

Nilifukuzwa siku hiyohiyo na kesi yangu ikapelekwa mbele. Anti Serwaa alinifuata hadi getini. Nilitamani anipige kofi.

"Jumamosi wanamtoa Mzee," akasema polepole. "Nenda ukamshike mkono, umwombe radhi. Mkono wa Fremah utaushika wapi, mimi sijui."

Mpaka leo hajanisemesha.

Jumamosi nilikwenda. Wazee wa ukoo waliniruhusu nibaki na Mzee, pamoja na Wofa Adjei, kabla hawajamvisha. Mwili ulikuwa mgumu kama jiwe, nyusi zina barafu. Nikaushika mkono wa kulia. Kiganja kilikuwa kigumu. Vidole havikuwa. Vilikuwa laini, vyenye joto, na ncha zake zimechubuka. Wofa Adjei akageuka kutazama ukuta.

"Nisamehe, Mzee," nikanong'ona. Nikavishika mpaka vikaanza kupoa. Vilipoa ndani ya mkono wangu, kimoja baada ya kingine.

Tangu siku ile vidole vya mkono wangu wa kulia havina joto. Mganga wa hospitali kavipima, hakuona ugonjwa. Kioo cha simu hakihisi vikigusa, na nikigusa kitufe cha kompyuta sijui kama nimekigusa. Binti yangu hulia nikimshika shavu.

Kwa hiyo, ndugu wa Akosua Fremah, na wewe mtoto wake utakapojua kusoma: najua kwetu mtu mwenye adabu hampi mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto, wala haombi radhi kwa mkono huo. Mniwie radhi. Barua hii yote nimeiandika kwa kushoto.