Mtani Asiyejibu

Mwanaamina alikuwa akifagia uwanja. Shangazi yake, Bi Maulida, alikuwa akimenya mihogo ya chai ya asubuhi. Kwao Mwanaamina ni Gwata, upande wa Kibaha. Alikuwa anasomea ualimu, na chuo kilikuwa kimemleta Msimbu, wilaya ya Kisarawe, afanye mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi. Ndipo akafikia kwa shangazi yake.

"Leo unawafundisha nini?" Bi Maulida akauliza.

"Sayansi, shangazi. Darasa la tano. Nimepewa kishikwambi niwaonyeshe video ya wanyama ukutani."

"Kishikwambi ndiyo ile simu kubwa kama sinia?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Haya mwanangu. Anza kwa bismillahi."

Bismillahi alisema. Lakini kishikwambi alikuwa hajakijua. Chuoni alimwona mkufunzi wake akikitumia, yeye hakukigusa. Aliona haya kuuliza, maana wenzake wote walijifanya wanajua.

Darasani alichomeka waya kwenye projekta. Ukutani kukatokea mwanga wa buluu, basi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mwanga ukabaki buluu. Watoto wakaanza kucheka chini chini.

"Mwalimu, kimegoma kama bodaboda ya baba!" alisema Seifu. Seifu alikuwa mcheshi wa darasa. Akifungua mdomo, wote wanacheka.

Mwanaamina akachomoa waya, akauchomeka tena.

Dawati la nyuma alikaa mtoto mmoja mgeni, jina lake Wilfred. Familia yake ilihamia Msimbu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Darasani alikuwa Msukuma peke yake. Kila siku wenzake walimwambia, "Mtani, leo umeoga wewe au wameoga ng'ombe?" Waliziba pua akipita. Waliigiza anavyosema.

Mwanaamina aliyasikia hayo tangu alipofika. Hakuyajali. Yeye ni Mzaramo, amekua akiona Wazaramo na Wasukuma wakitaniana. Alijua mtani hakasiriki.

Seifu akageuka nyuma. "Mwulize mtani, mwalimu! Kwao hata ng'ombe wana vishikwambi. Wanabonyeza kwa kwato!"

Darasa zima likaangua kicheko. Na Mwanaamina naye akacheka. Alicheka kwa sababu sasa hawamcheki yeye.

Wilfred hakumtazama Seifu. Alimtazama mwalimu. Kisha akainamisha kichwa.

Kesho yake hakuja shule. Siku iliyofuata hakuja. Wiki ilipokwisha, Mwalimu Hajira, ambaye ndiye mwalimu wa darasa lile, akamwita Mwanaamina pembeni.

"Wilfred amesema shule hataki tena. Baba yake amesema kama hataki, achunge ng'ombe. Unajua kilichompata?"

"Sijui, mwalimu," Mwanaamina akajibu. Lakini moyo wake ulijua.

Mwalimu Hajira alikuwa jirani yao, nyumba ya pili. Jioni ile alikuja kumjulia hali Bi Maulida, wakakaa mkekani. Mwanaamina akashindwa kunyamaza. Akaeleza yote, hata kile kicheko chake.

"Lakini ulikuwa utani," akamalizia. "Si ni watani zetu?"

Bi Maulida akaweka kikombe chini. "Wewe! Marehemu mume wangu alipofariki, nani alilala kaburini akakataa tusizike mpaka apewe chochote?"

"Yule mzee wa Kisukuma. Watu walikuwa wanalia, wakacheka."

"Na kabla ya hapo, nani alishika jembe akachimba tangu alfajiri?"

"Yeye huyo huyo."

"Basi huyo ndiye mtani. Anakutania, unamtania. Una shida, yuko kwako. Sasa huyo mtoto, akitaniwa, anajibu?"

Mwanaamina akafikiri. "Hajawahi kujibu hata siku moja."

"Darasa zima dhidi ya mtu mmoja, naye hajibu," alisema Mwalimu Hajira. "Huo si utani, ni uonevu. Mtoto anayeonewa husema anaumwa tumbo. Huketi peke yake. Hushuka masomo, mwisho haji. Na mwalimu akicheka, watoto wanajua wameruhusiwa."

Machozi yakamlenga Mwanaamina. "Nifanye nini? Nikirudi niwachape?"

"Ukiwachapa watamngoja njiani. Zungumza na Seifu peke yake, umwulize angejisikiaje. Wazazi wake wajue. Wilfred naye usimsimamishe mbele za watu kumwuliza nani anamwonea, utamwaibisha mara ya pili. Kisha uwe na macho. Uonevu haukai darasani tu, uko chooni, uko bombani, uko kwenye njia ya kwenda nyumbani."

"Lakini kwanza," alisema Bi Maulida, "twende kwao. Umemkosea, kamwombe radhi."

Jumamosi wakaenda. Baba yake Wilfred alikuwa zizini. Bi Maulida hata hodi hakupiga vizuri.

"Nyie Wasukuma! Ng'ombe wenu wamekula mihogo yangu, sasa nimekuja kumla ng'ombe!"

Mwanaamina akashtuka. Yule baba akageuka, akashika kiuno.

"Mzaramo! Umeamka saa hizi? Mimi nilijua mnaamka adhuhuri, mkisikia ngoma!"

"Ngoma ipo, ila hatualiki wanaonuka maziwa!"

"Maziwa haya haya unayoyanyemelea? Mke wangu, ficha kibuyu, mwizi kafika!"

Wakacheka mpaka Bi Maulida akashika ukuta. Wilfred alikuwa amesimama mlangoni. Naye alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mwanaamina kumwona akicheka. Akaelewa. Maneno yalikuwa karibu yale yale ya darasani, lakini hapa yalikwenda na kurudi.

Mama yake Wilfred akaleta mtindi. Mwanaamina hakuugusa kwanza.

"Wilfred, mwanangu," alisema, "siku ile nilicheka. Nilikosea. Nilipaswa kukulinda. Nisamehe."

Mtoto akatazama miguu yake. "Nikirudi watanicheka tena."

"Wakianza, safari hii watanikuta mimi. Na Mwalimu Hajira."

Baba mtu akamgeukia Mwanaamina. "Mwalimu kuja nyumbani kuomba radhi, sijaona," akasema. "Jumatatu ataenda. Ng'ombe nitawachunga mwenyewe."

Jumatatu Wilfred alirudi, na Mwanaamina akazungumza na Seifu chini ya dirisha la ofisi, wawili tu. Mwanzo Seifu alisema, "Nilikuwa natania tu, mwalimu."

"Yeye alikujibu nini?"

"Hakujibu."

"Basi ulikuwa unatania na nani?"

Seifu akajikuna kichwa. Baadaye mama yake aliitwa, akaelezwa. Darasani watoto wenyewe wakakubaliana: mwenzako asipocheka, acha; akionewa, mwambie mwalimu; na kumwambia mwalimu si umbea.

Kishikwambi nacho, Mwanaamina akaacha kukionea haya. Alimwambia Mwalimu Hajira wazi, "Sijui, nifundishe." Akafundishwa kukichaji tangu jana yake, kupakua video mapema kwa sababu mtandao wa shule ni hafifu, na kujaribu waya kabla watoto hawajaingia. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili pia.

Siku ya somo la wanyama wanaocheua, alisimama mbele ya darasa. "Kifaa hiki bado najifunza," akasema. "Kikigoma, tutasubiri pamoja."

Ukuta ukawa wa buluu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mkono ukanyanyuka nyuma.

"Ndiyo, Wilfred?"

Wilfred akasimama, akibana kicheko. "Mwalimu, kiamshe. Kishikwambi cha Mzaramo hicho, kinaamka adhuhuri!"

Darasa likapasuka. Seifu alipiga dawati, machozi yanamtoka. Mwanaamina akacheka hadi akaegemea ubao.

"Ngoja tu, Msukuma," akajibu. "Kikiamka, nakiuliza kama umeoga na ng'ombe."

"Nimeoga, mwalimu! Na wao pia!"

Ukutani ng'ombe mkubwa akatokea, anatafuna polepole. "Alhamdulillahi," Mwanaamina akasema kwa sauti. Watoto walidhani anashukuru kwa ajili ya video.