Twalibu Achagua Chuo

Mzee Mwishehe na mkewe Mwanahalima walikaa Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Walilima muhogo, na mpunga kidogo bondeni. Walikuwa pia na mikorosho nyuma ya nyumba. Asubuhi Mwishehe alikwenda shamba. Mwanahalima alimenya muhogo na kuuanika juani. Alasiri alikwenda kwenye darasa la watu wazima. Alikuwa ameanza kusoma maneno marefu bila kuyakata vipande.

Mtoto wao mkubwa aliitwa Twalibu. Mwaka ule wa 1957 alikuwa amemaliza masomo ya sekondari Tabora. Alifaulu mtihani wa darasa la kumi na mbili. Katika kijiji chao hakukuwa na kijana mwingine aliyekuwa amefika huko.

Mwishehe alifurahi mno. Alimwambia kila mtu aliyekutana naye njiani, "Mwanangu anakwenda Makerere. Atakuwa injinia."

Twalibu naye aliamini hivyo. Alikuwa amesikia jina la Makerere tangu utoto. Watu wakubwa wote aliowasikia wakisifiwa kwa elimu walikuwa wamesoma Makerere. Alijua inampasa kuandika barua ya maombi. Aliona hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Mvua za masika zikaanza. Siku moja lori lililojaa mizigo lilivunja daraja la mbao kwenye njia ya kwenda Kisarawe. Dereva alitoka salama, lakini njia ilifungwa. Watu wa barabara waliletwa kutoka Dar es Salaam kutengeneza daraja. Msimamizi wao aliitwa Bwana Isihaka. Alikuwa akiwasaidia mainjinia wa serikali kupima barabara. Alipanga chumba karibu na nyumba ya Mwishehe, wakawa majirani.

Jioni moja Isihaka alikuja kuwaamkia. Walimkaribisha mkekani. Mwanahalima alileta muhogo wa nazi.

"Bwana Isihaka," alisema Mwishehe, "huyu mwanangu atakuwa kama wakubwa zako. Anakwenda Makerere kusomea uinjinia."

Isihaka aliacha kula. "Uinjinia? Makerere?"

"Ndiyo."

"Mzee wangu, Makerere ni chuo kikubwa. Wanafundisha udaktari, ualimu, kilimo na mengine mengi. Lakini uinjinia hawafundishi."

Twalibu alishtuka. "Hawafundishi kabisa?"

"Hawafundishi. Ukienda utasoma hesabu na sayansi. Hayo ni masomo mazuri. Lakini ukimaliza hutakuwa injinia. Itakubidi utafute nafasi nyingine, Uingereza labda, uanze upya."

"Basi uinjinia unafundishwa wapi?"

"Nairobi. Kuna Chuo cha Ufundi, kimefunguliwa mwaka jana tu. Ndiyo maana watu wengi hawajakijua."

Mwishehe aliweka bakuli chini. "Chuo cha ufundi? Mwanangu amesoma miaka yote hii akapige randa? Mafundi seremala tunao hapa hapa Mzenga!"

"Sivyo, mzee…"

"Hapana, Bwana Isihaka. Nimekwisha waambia watu Makerere. Akienda kwenye ufundi watasema amefeli."

Isihaka aliona mzee amekasirika. Akashukuru kwa chakula, akaenda zake.

Twalibu hakutaka kumpinga baba yake. Alikaa na karatasi ya barua mbele yake, asiandike kitu. Mama yake alimwona.

"Mwanangu, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kujenga madaraja, mama. Nikienda Makerere nitapata sifa, lakini sitajenga daraja. Nikienda Nairobi baba atafedheheka."

Mwanahalima alimngoja mumewe arudi kutoka shamba, akampa maji ya kunawa, kisha akasema, "Baba Twalibu, mwaka jana ulipoumwa jino, nilikupeleka kwa mkunga?"

"Mkunga? Kwa nini unipeleke kwa mkunga?"

"Mkunga wetu ana sifa mpaka Maneromango. Hakuna asiyemjua."

"Lakini hang'oi meno!"

"Haya. Na Makerere kuna sifa. Lakini kama hawafundishi kazi anayoitaka mtoto, sifa hiyo itamsaidia nini?"

Mwishehe alitaka kucheka, akajizuia. "Na hicho cha Nairobi, tutajuaje kama si cha kupiga randa?"

"Tuulize mtu anayesoma huko."

Basi walimwita tena Bwana Isihaka. Mwishehe alimwomba radhi kwa maneno yake ya siku ile.

"Usijali, mzee," alisema Isihaka. "Mimi mwenyewe sijui mambo yote ya chuo kile. Lakini namjua kijana mmoja wa Mbwawa, kule Kibaha. Anaitwa Abeid. Anasoma Nairobi, na sasa yuko nyumbani kwa likizo. Nendeni mkamwone. Kisha nendeni ofisi ya elimu Dar es Salaam, mkahakikishe."

Mwishehe na Twalibu walisafiri hadi Mbwawa. Walimkuta Abeid akimsaidia mama yake kuezeka banda la kuku.

"Shikamoo, mzee," alisema Abeid.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukuuliza habari za Nairobi. Mnafundishwa useremala?"

Abeid alitabasamu. Alichukua ubao mrefu mwembamba, akaulaza juu ya vinu viwili, kama daraja. Akaweka jiwe katikati. Ubao ukapinda sana. Kisha akaondoa jiwe, akausimamisha ubao huo huo kwa ubavu wake. Alimwomba Twalibu aushike usianguke. Akaweka jiwe lile lile juu. Safari hii ubao haukupinda.

Mwishehe aliinama kuangalia. "Ubao ni ule ule!"

"Ni ule ule, mzee. Fundi seremala anajua kuukata vizuri. Injinia anatakiwa kujua, kabla haujakatwa, utabeba mzigo kiasi gani na uwekwe vipi. Hayo ndiyo tunayosoma. Karakana ipo, na randa tunashika. Lakini kazi yetu hasa ni hesabu na michoro."

Mwishehe alikaa juu ya gogo. Akauliza, "Na hiyo shahada yao, serikali inaitambua?"

"Umeuliza jambo la maana, mzee. Nitakueleza kweli. Kwa sasa chuo chetu hakitoi digrii yake chenyewe. Kinatutayarisha kwa mitihani ya vyama vya mainjinia vya Uingereza. Ukifaulu mitihani ile, kisha ukafanya kazi kwa muda unaotakiwa, unakubaliwa kuwa injinia. Tunatumaini digrii zitakuja baadaye, lakini hilo siwezi kukuahidi."

"Na masomo ni magumu?" aliuliza Twalibu.

"Magumu. Wenzangu wawili wameacha. Hesabu zao zilikuwa nzuri, lakini fizikia iliwashinda. Wewe fizikia umepata vipi?"

Twalibu alitazama chini. "Nimefaulu, lakini si vizuri kama hesabu."

"Basi usikae bure mpaka chuo kifunguliwe. Nitakuazima vitabu vyangu vya mwaka wa kwanza. Na chukua sweta. Nairobi kuna baridi, mimi niliugua kifua mwezi wangu wa kwanza huko."

Walipotoka Mbwawa walikwenda Dar es Salaam. Karani wa ofisi ya elimu aliwasikiliza. Twalibu aliuliza masomo gani yanatakiwa. Aliuliza nani atalipa ada. Aliuliza pia njia ya kupitia Makerere kwanza, halafu Uingereza.

"Njia hiyo ipo," alisema karani. "Lakini ni ndefu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia hiyo nafasi ya pili, ya Uingereza. Nairobi wanataka hesabu na fizikia, na wewe umefaulu yote mawili. Serikali inaweza kukusaidia ada ukichaguliwa. Maombi yanafungwa wiki ijayo."

Walitoka nje. Mwishehe alisimama kivulini, akamtazama mwanawe.

"Umesikia yote," alisema. "Nami nimesikia. Sasa chagua wewe, maana wewe ndiwe utakayesoma."

"Nachagua Nairobi, baba. Lakini watu wa Mzenga…"

"Watu wa Mzenga niachie mimi."

Maombi yalipelekwa siku ile ile. Twalibu alirudi nyumbani, akasoma vitabu vya Abeid kila siku baada ya kazi za shamba. Mahali alipokwama, alimfuata Bwana Isihaka kazini. Wakati mwingine Isihaka alijua jibu. Wakati mwingine walikwama wote wawili, wakacheka, wakajaribu tena kesho yake.

Aliitwa kwenye usaili. Walimwuliza maswali mengi ya fizikia. Mengine alijibu, mengine yalimshinda, akasema wazi kwamba hajui. Alirudi na wasiwasi. Nyumba nzima ilisubiri majibu. Hatimaye yalikuja: Twalibu amepata nafasi Nairobi, na serikali itamlipia ada.

Mwanahalima alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mwishehe alichinja mbuzi, kukasomwa maulidi. Watu walipouliza, "Mbona si Makerere?" Mwishehe alitafuta ubao mwembamba na jiwe, akawaonyesha kama Abeid alivyomwonyesha.

Mwaka wa kwanza huko Nairobi ulikuwa mgumu. Twalibu aliandika kwamba wanafunzi wanasoma pamoja jioni, na kwamba fizikia sasa anaielewa. Mwanahalima aliisoma barua hiyo mwenyewe, polepole, kwa sauti. Mwisho wa mwaka Twalibu alifaulu masomo yote. Likizo ile alipata kazi ya muda kwa injinia mmoja aliyekuwa akilaza mabomba ya maji Morogoro. Injinia yule alimwambia arudi tena likizo ijayo.

Habari hizo zilifika mbali. Siku moja Mzee Matano wa Vihingo alikuja Mzenga na zawadi ya jogoo.

"Mzee Mwishehe," alisema, "mwanangu Mashaka naye amefaulu darasa la kumi na mbili. Nataka naye aende Nairobi kama Twalibu. Niambie tumwandikie nani."

"Hongera sana. Mashaka anataka kusomea nini?"

"Udaktari."

Mwishehe alicheka mpaka akashika tumbo. "Nairobi hawafundishi udaktari. Huyo anafaa kuomba Makerere."

Matano alishangaa. "Lakini wewe ndiye unayesifu Nairobi kila siku!"

"Naisifu kwa uinjinia. Mwanao hataki kujenga daraja, anataka kuponya watu. Kamlete mwenyewe, na alete majibu yake ya mtihani. Halafu tutamtafuta mtu anayesoma udaktari huko Makerere, tumwulize."

"Tumwulize nini?"

"Mengi," alisema Mwishehe. Akamsogezea mgeni mkeka. "Vua viatu, Matano. Kaa. Nitakwambia sisi tulivyouliza."