Upande wa Kulia wa Karatasi

Kila Jumamosi Deodata alibaki shuleni kwa mdahalo. Alikuwa kidato cha tatu, binti wa Pancras na Francisca wa Mugoma, wilayani Ngara. Nyumbani palizi ya maharage ilimngoja. Alikwisha kushindwa midahalo miwili mfululizo, na baba yake akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mdahalo ujao, wa Biharamulo, ungekuwa nafasi ya mwisho. Akishindwa tena, Jumamosi zote zitakuwa za shamba.

Deodata hakulia. Alichukua daftari akaenda kwa jirani yao, Mwalimu Esperansia, mstaafu aliyekuwa jaji wa midahalo ya shule kwa miaka mingi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hotuba yako.”

Deodata alisimama wima. Alimsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, majaji, walimu na wanafunzi, kila mmoja kwa cheo chake. Akamsifu msemaji aliyemtangulia. Ndipo akasoma hoja zake, kwa Kiswahili safi.

“Umesalimia dakika nzima, na una dakika nne tu,” Mwalimu alisema. “Lakini hilo ni dogo. Mpinzani wako alisema nini?”

Deodata alikumbuka kila neno.

“Mbona hukumjibu?”

Deodata alieleza alivyolelewa. Kwao, aliyetangulia kusema hapingwi mbele za watu, hasa akiwa mkubwa. Unamsifu, kisha unaweka neno lako kando ya lake.

Mwalimu hakumcheka. Alisema adabu hiyo ni njema, ila jaji haruhusiwi kumjibia mtu. Akachana ukurasa, akaukunja katikati. Kushoto, alieleza, jaji huandika hoja. Kulia huandika jibu lake. Hapimi ukubwa wa sauti wala ugumu wa maneno. Hutafuta hoja yenye sababu na mfano, na jibu linaloigusa hoja yenyewe.

“Hoja isiyojibiwa husimama,” alisema, “hata kama jaji mwenyewe haiamini. Nenda ukakae upande wa jaji kwanza. Utaona.”

Nafasi ilipatikana jioni ileile. Pancras alitaka kung’oa migomba ya zamani ili apande kahawa, na mkewe hakukubali. Deodata akakunja karatasi katikati, akaomba ruhusa ya kuandika hoja zao.

“Kahawa itachukua miaka mitatu,” Francisca alisema. “Watoto watakula nini miaka hiyo yote?”

“Hujaiona kahawa ya kaka yangu? Matawi yanainama kwa matunda.”

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe Pancras akageuka kwa mzaha. “Haya, mheshimiwa jaji. Nani ameshinda?”

Deodata aliisoma karatasi yake tena. Kisha akasema.

“Samahani, baba. Kahawa ya baba mkubwa nimeiandika, na ni kweli. Lakini swali la chakula halina jibu.”

Alimwonyesha karatasi. Mbele ya swali la mama, upande wa kulia ulikuwa mtupu. Pancras aliugusa kwa kidole.

“Kumbe nimekuwa nikizunguka tu,” alisema. Francisca akageukia jiko kuficha kicheko.

Huko Biharamulo mada ilikuwa kwamba shule za bweni ni bora kuliko za kutwa. Deodata alikuwa upande wa kupinga. Aristides wa kidato cha tano alitangulia kusema, kwa sauti iliyojaza ukumbi, kwamba mwanafunzi wa kutwa huchoshwa na njia. Deodata akasalimia kwa sentensi moja.

“Namheshimu kaka aliyenitangulia. Njia ndefu inachosha, ni kweli. Lakini dawa yake ni shule ya karibu, si kumtoa mtoto kwao. Rafiki yangu Niragira alikuwa akitembea saa mbili. Tangu kata ijenge sekondari, anatembea dakika ishirini.”

Ndipo akatoa hoja zake mwenyewe.

Jaji alisema Aristides ndiye aliyekuwa na sauti bora siku hiyo. Lakini hoja yake ilijibiwa, na za Deodata zilibaki zimesimama. Upande wa kupinga ukashinda kwa alama tatu.

Pancras alipopata habari alitikisa kichwa kukubali, basi. Jumamosi iliyofuata alikwenda kupalilia bila kumwita binti yake. Jumapili, baada ya misa, akaja na karatasi aliyoikunja katikati mwenyewe.

“Mheshimiwa jaji, keti. Mwite na mama yako. Kahawa nitaipanda katikati ya migomba, sing’oi hata mmoja. Haya, andika kulia.”