Mkebe wa Wodi ya Wanawake

Mkebe ulikuwa umetoweka. Msumari uliokuwa ukiuning'iniza ulibaki mtupu ukutani mwa stoo.

Inspekta Kipkemboi wa polisi ya Kakamega aliutazama msumari huo kwa makini. Tangu miwa ianze kuleta pesa alikuwa amepeleleza wizi wa mbolea, wa majembe, hata wa trekta zima. Hakuwahi kuitwa kwa ajili ya mkebe wa enema.

"Tunao mmoja tu," alisema Sista Dorothy, mkuu wa wodi ya wanawake katika hospitali ile ya misheni. "Bila huo, daktari hawezi kufanya kazi."

"Kazi gani?"

Sista alieleza bila haya. Daktari Nehemiah alikuwa amekuja kutoka Nairobi na mrija mrefu wenye taa, wa kutazamia ndani ya utumbo mpana. Utumbo ukiwa na uchafu, mrija hauonyeshi kitu. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa mapema. Hali chakula kigumu. Hunywa supu iliyochujwa na chai ya rangi. Kisha hunywa jagi la dawa ya chumvi inayomwendesha. Mwishowe huoshwa utumbo kwa mkebe huo wa enema mpaka maji yatoke safi.

"Leo angeoshwa nani?"

"Mama Sellah Muhonja wa Butali. Anatokwa na damu tangu msimu wa kupanda. Daktari anaondoka alasiri, na hatarudi hadi mwakani. Unadhani mama huyu atangoja hadi mwakani?"

Kipkemboi alichungulia pande zote za stoo. Sindano zilikuwapo, mikasi ilikuwapo, chupa za spiriti zilikuwapo. Mwizi alikuwa ameacha kila kinachouzika, akachukua kisichouzika. Jambo hilo lilimsisimua. Huyu hakutaka mkebe. Alitaka mkebe usitumike.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Muuguzi Wanyama. Nilimhamishia hapa jana kutoka wodi ya wanaume, kwa kuwa muuguzi wangu ameugua."

Wanyama aliletwa wodini. Alikuwa kijana mrefu, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi vizuri.

"Uliuona mkebe lini?"

"Jana jioni, afande. Niliuchemsha, nikautundika."

"Ukafunga mlango wa stoo?"

"Sikufunga."

"Kwa nini?"

"Nilisahau."

"Huyu?" Sista Dorothy alidakia. "Huyu hasahau hata kifungo!"

Mlango wa wodi ulifunguliwa. Mwanamke mwembamba aliyejitanda leso aliingia kutoka chooni, akishika ukuta. Wanyama alimwona, akageuka, akaruka dirishani.

"Mkamate!" Kipkemboi alipaza sauti.

Konstebo aliyekuwa nje hakuhitaji kukimbia. Wanyama alikuwa amesimama hatua chache kutoka dirishani, amegeuzia dirisha mgongo.

"Sitoroki, afande," alisema. "Niulizeni hapa hapa."

"Mtieni pingu!" Sista aliamuru.

Pingu zilifungwa. Lakini Kipkemboi hakuridhika. Mtoro gani husimama karibu namna ile?

Alikwenda hadi kitanda cha Mama Sellah, yule mwanamke mwembamba aliyetoka chooni. Kando yake kulikuwa na stuli, na juu yake kikombe. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mnene aliyekataa kipimo kama hicho na sasa alikuwa akifunga mizigo yake, hakungoja kuulizwa.

"Yule kijana ana mambo, bwana polisi. Sisi wengine anatupatianga dawa mkononi. Ya huyu anaiweka kwa stuli, halafu anatazama juu kama fundi wa mabati!"

"Na wewe dawa yako ulikunywa?"

"Ile chumvi ya kulambisha ng'ombe? Nilimpa huyu, akamaliza majagi yote mawili. Mimi narudi Lumakanda na tumbo langu lilivyo."

Kipkemboi alivuta stuli, akaketi.

"Mama, yule kijana ni nani kwako?"

Mama Sellah alivuta leso yake, akafunika uso.

"Amefungwa pingu," Inspekta aliongeza.

"Pingu?" Mama aliinuka kwa kiwiko. "Mfungueni! Mkebe nilichukua mimi."

"Uko wapi?"

"Ndani ya gunia la mashuka machafu. Niliufunga kwa leso yangu nyingine usichafuke."

"Kwa nini uliuchukua?"

"Yule ni bwana wa binti yangu. Kwetu mkwe hanipi hata mkono. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwa miwa mpaka mwenzake apite. Sasa leo ndiye anifunue? Nikipona, uso huu nitauweka wapi? Na binti yangu ataishi naye vipi?"

"Ungemwambia Sista."

Mama alimtazama Sista Dorothy. "Sista alisema mbele yetu sote: hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Muuguzi akikataa mgonjwa, aende nyumbani. Nikisema, kijana anapoteza kazi."

Sista aliinama kulinyoosha shuka la kitanda.

"Kwa hiyo uliamua kukosa kipimo?" Inspekta aliuliza.

"Kukosa? Mimi nataka kupona, baba! Ndiyo maana nilikunywa majagi mawili. Nilitaka nisafike bila kuguswa. Nenda uangalie kama hayatoki maji matupu."

Daktari Nehemiah aliitwa. Alimpima mapigo ya moyo, akakunja uso.

"Mama, dawa hiyo maradufu ingeweza kukuua. Mwekeeni maji ya mshipa sasa hivi. Akitulia, nitampima."

Sista Dorothy alikunja mikono ya vazi lake. "Mkebe uletwe," alisema. "Nitamwosha mwenyewe."

Nje, Kipkemboi alimfungua Wanyama.

"Mlango hukusahau kuufunga."

"Hapana, afande. Niliuacha wazi makusudi, nikiomba mtu auibe."

"Na ulimwona akiuchukua?"

"Niliona leso. Sikutazama zaidi. Siruhusiwi."

Kabla ya alasiri daktari alikuwa ameona kilichokuwa kikivuja damu: kinyama kidogo ukutani mwa utumbo. Alikikata kwa waya wa mrija uleule. Maji yalikuwa safi, alisema, alikiona waziwazi.

Inspekta alikuwa akivaa kofia yake Wanyama alipomwita kutoka dirishani. Mikononi alishika bakuli la uji.

"Daktari ameruhusu. Mpelekee, afande. Usiseme umetoka kwangu."

Kipkemboi alivuka wodi nzima na bakuli, mikanda na vyeo vyake vikimetameta. Mama Sellah alilipokea, akaonja. Hakuuliza limetoka wapi.

"Mwambie huyo asiyekuwapo," alisema, "kiwanda kiko karibu, lakini si lazima amalize sukari yote kwa bakuli moja."

Akanywa mpaka tone la mwisho. Nje ya dirisha, mtu asiyeonekana alicheka.