Sahani ya Kumi na Mbili

Sahani kumi na moja alizoleta mama mmoja mgeni zilikuwa zimechorwa nyuso za watoto. Ya kumi na mbili ilikuwa nyeupe pe. Coleta angeshtuka, lakini mchoraji wa vyombo vya kauri Sumbawanga, mji ambao watu hununua sahani za maua na kuzifungia kabatini mpaka padri aje kula, hachagui mteja.

"Mchore yeyote," alisema yule mama. Kitenge chake kilikuwa kikavu ila kilinuka tope la ziwa. "Hata wako."

Coleta akacheka. Kila malaika na kila bibi harusi aliyewahi kumchora alitoka na pua ya Debora, bintiye wa miaka saba. Ndiyo pua pekee aliyoijua kwa moyo. Akamchora. Mdomo ukatoka umenuna kama wa mtu aliyenyimwa kumbikumbi. Rangi ambayo haijachomwa tanuruni hufutika, kwa hiyo akachovya kitambaa kwenye mafuta, akaufuta.

Uani, wimbo wa Debora ulikatika.

"We Debora, umemeza nini?"

Mtoto aligeuka. Chini ya pua palikuwa na ngozi tupu, laini, na vidole vyake vilikuwa vikiparura pale palipokuwa na mdomo.

Coleta akauchora tena, ukicheka, ukilia, ukiwa wazi, na kila mara rangi iliteleza kama maji juu ya jani la magimbi, na zile nyuso kumi na moja, ambazo asubuhi zilitazama dari, sasa zote zilimtazama Debora, na harufu ya tope ikapanda mpaka kooni.

Akamweka mgongoni, akakimbia kwa mganga, mzee Polikarp. Mzee hakufungua hata mkoba.

"Mwanangu, jini halimo ndani ya mtoto nikalitoa. Mtoto ndiye yumo ndani ya sahani. Isiguswe."

"Na ikichomwa?"

"Hilo usilitamke."

Alirudi mbio, mtoto bado mgongoni. Nestory, mumewe, mwanamume asiyewahi kuosha hata kikombe, alisimama karakanani akijichekea.

"Mama Debora, leo nimekusaidia! Ile uliyoisahau mezani iko tanuruni, saa nzima sasa."

"Fungua! Hapana, usifungue!"

Kuiacha ni kumchoma Debora. Kufungua sasa, baridi ya Ufipa ingeipasua vipande.

"Mke wangu, nifanye lipi?"

Mgongo wa Coleta ulikuwa ukiungua. Alipomshusha mtoto, kicheko cha Nestory kilikufa. Alinyoosha kidole, ukucha ukagusa shavu la Debora, jeupe, linalong'aa.

Likalia: ting'.