Aliyekataa Kumwosha Dhahabu

Mwanasaumu alikuwa muosha maiti wa wanawake mtaani Shika Adabu. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuitwa akakataa. Lakini asubuhi ile ya mwaka 1991 alijifungia ndani.

Mlangoni alisimama Faki, jirani yake. Binti wa Faki, Dhahabu, alikuwa amefariki alfajiri.

"Dada, mwanangu azikwe bila kuoshwa?"

"Nisamehe, Faki. Watu wasema ni ukimwi. Nina wajukuu mimi. Wallahi, naogopa."

Faki akaangua kilio. Mwanasaumu alimsikia, na aibu ikamchoma, lakini komeo hakuliondoa.

Ndipo akaja Jerioth, muuguzi wa zahanati, mpangaji wa nyumba ya pili.

"Shikamoo, Bi. Mwanasaumu."

"Marahaba. Kama umekuja kunisihi, rudi."

"Nimekuja kuuliza tu. Mwaka huu umeosha maiti wangapi?"

"Kumi na mmoja. Lakini hao hawakuwa na ugonjwa huu."

"Umejuaje? Uliwapima damu?"

Mwanasaumu akafungua mlango. "Una maana gani?"

"Ukimwi hauandikwi usoni, bibi. Mtu hukaa nao miaka, amenona, anacheka. Kisha akafa kwa homa au kwa uzazi. Wewe ukamwosha kwa mikono mitupu."

Mwanasaumu alitazama vidole vyake. Jana tu mbuzi ya nazi ilimchuna. Akamkumbuka yule aliyekufa kwa uzazi mwezi wa Rajabu, na damu ilivyomwagika. Akaketi kizingitini.

"Yallah! Basi nimekwisha?"

"Si lazima. Kugusa ngozi hakuambukizi. Hatari ni damu kuingia kwenye kidonda. Funga kidonda chako, vaa glavu hizi. Palipochuruzika damu, mwagia maji yenye klorini. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Kesho nitakupeleka hospitali upimwe."

Siku ile Mwanasaumu alimwosha Dhahabu taratibu, kama alivyowaosha wengine wote. Akazikwa kabla ya alasiri.

Wiki ya pili aliitwa kwenye nyumba ya watu wanaoheshimika sana. Bibi wa miaka themanini alikuwa amefariki. Majibu ya damu ya Mwanasaumu yalikuwa bado hayajatoka. Alipotoa glavu, binti wa marehemu alipiga ukelele.

"Unamvalia mama yangu mipira? Mama yangu hakuwa malaya!"

"Wala Dhahabu hakuwa," Mwanasaumu akajibu. "Hizi ni za kila maiti, mwanangu. Na siku yangu ikifika, nivalieni mimi vilevile. Haya, niletee maji."

Binti akaenda kuleta maji.