Sauti ya Chini

Stanka, rafiki yangu, si mtu wa kuzusha. Jioni moja alipanda mlimani kwa Bibi Gyurga kununua jibini. Dada wa Bibi, mwenzake wa kuimba tangu usichana, alikuwa amezikwa juzi.

"Kaa, mwanangu, nishikie sauti ya chini kama alivyokuwa akinishikia marehemu. Ila usikome kabla yangu."

Bibi akaanza wimbo, Stanka akaishika sauti hiyo, mvumo mmoja usiobadilika, hadi pumzi zikamwishia, akanyamaza. Bibi naye akanyamaza. Sauti ya chini ikaendelea kuvuma, chumbani kwa marehemu.

"Mjinga wee!" Bibi akafoka. "Sasa dada atajuaje pa kukomea?"

Stanka alitoka mbio gizani, jibini akaisahau. Nyumbani alimkuta mwanawe mchanga amelala, midomo kaifumba, na kifuani mwake ile sauti nzito ya kizee ikivuma bila kituo.